Mradi wa kuonja bia: zamu ya Guinness

Tulipomaliza Safari, Kilimanjaro na Serengeti, shemeji akasema tunazunguka ndani ya ukoo mmoja. Kweli, zote tatu ni lager, bia zinazochachuka taratibu kwenye ubaridi. Upande wa eli (ale), ukoo wa pili wa bia, daftari letu la kuonja lilikuwa tupu. Hamira ya eli hupenda joto zaidi, nyuzi 15 hadi 24 hivi, na huacha harufu ya matunda ambayo kwenye lager huipati. Sasa eli gani utaikuta Sinza, Mbagala na Kigamboni bila kutafuta? Guinness. Ndiyo, stauti, yaani bia nyeusi ya aina hii, ni eli. Tulilibishania hilo vya kutosha, sirudi huko.

Chupa ya kwetu ni Foreign Extra Stout. Asili yake ni West India Porter ya mwaka 1801, iliyoongezwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na kilevi ili ivuke bahari hadi Karibiani bila kuharibika. Lile povu zito linaloshuka taratibu ndani ya glasi ni la Guinness ya bomba, iliyotiwa naitrojeni kuanzia 1959. Hii ya chupa ina hewa ya ukaa kama bia nyingine, kwa hiyo mhudumu asisumbuliwe. Weusi nao unatokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua.

Hoja ya kikao ilikuwa ile ile ya kila baa: baridi au ya moto? Nikachapa fomu ya BJCP, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha majaji wa bia, yenye alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na 10 za kuipima bia kwa ujumla. Hizo tatu za mwonekano zilinifurahisha. Sisi jioni nzima huwa tunagombea povu.

Chupa zilitoka kreti moja. Ya kwanza ilitoka kwenye friji na kumiminwa papo hapo. Ya pili ilitoka humo humo ikakaa mezani hadi jasho la chupa likakauka. Ya tatu haikuiona friji kabisa, na joto la Dar mnalijua. Kuonja kwa siri hakukuwezekana, maana ukishika glasi tu umeshajua ni ipi.

Ya baridi nimeipa 28. Harufu 5 tu, kwa sababu baridi huifungia ndani. Mdomoni kuna uchungu, gesi, basi. Mtu akiniambia hii ni lager iliyotiwa rangi, sina cha kumjibu.

Ya kati ndiyo iliyonikalisha chini. Kahawa ilikuja kwanza, halafu chokoleti chungu, na nyuma yake kitu kama zabibu kavu. Hapo ndipo hamira ya eli inapojitaja. Kuna uchachu mdogo unaosafisha ulimi kabla uchungu haujakaa. Harufu 8, mwonekano 3, ladha 15, uzito 4, ujumla 7. Jumla 37, ambayo kwa daraja za BJCP ni "nzuri sana". Kwa bia ya kiwandani inayouzwa kila kona, hiyo si alama ya huruma. Pungufu lake ni mwisho mkavu kupita kiasi. Ningependa utamu wa kimea ubaki kidogo.

Ya moto ilianza vizuri puani, kisha kilevi kikatangulia kila kitu na gesi ikatoka haraka. Uchachu uliokuwa mzuri kwenye ya kati hapa umekuwa mkali. Nimeandika 31.

Shemeji hakubali. Yeye ya moto ameipa 40, anasema ubaridi ni wa soda, na fomu yake ameisaini kabisa. Nimeibandika daftarini pamoja na yangu. Kikao kijacho tunarudia na mishikaki mezani, kwa sababu anadai ya moto haijawahi kunywewa kavukavu, na hapo sina ubishi.