Hadi shilingi 50

Nimetoka sasa hivi kusikiliza wanafunzi wa anthropolojia, taaluma ya kuchunguza maisha na utamaduni wa watu, hapa Nairobi wakieleza tafiti zao.

Kuna wa usafiri wa matatu. Kuna wa mitumba ya soko la Gikomba. Jomo Kenyatta alisomea fani hii London miaka ya 1930, chini ya mwanaanthropolojia Malinowski, akaandika kuhusu Wakikuyu. Leo vijana wanachunguza mitaa yetu, na nimefurahi kweli.

Aliyenigusa ni binti anayefuatilia michango ya matanga kwa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza 2007.

Alikesha na mama mweka hazina wa familia moja.
Kila ujumbe ukiingia, mama anasoma jina kwa sauti.
Hata la aliyetuma shilingi 50.
Waombolezaji wote wanaitikia, “Asante.”

Kwenu je, majina husomwa, au ni orodha tu ya WhatsApp? Niambieni.