Kupandikiza mapafu: rufaa inatakiwa mapema, sio mpaka pumzi iishe

Mama yangu ana ule ugonjwa wa mapafu kuota makovu, fibrosisi, na tangu aanze kutumia oksijeni kila ndugu anaepiga simu ana swali moja, kwani hawawezi kumbadilishia mapafu? Wanauliza kama vile wanaulizia betri.

Inawezekana, na imefanyika miaka mingi tu. Wa kwanza kupandikiza pafu kwa binadamu alikua James Hardy kule Marekani mwaka 1963, mgonjwa akaishi siku 18 basi, na baada ya hapo ikawa ni miaka 20 ya kujaribu na kushindwa. Shida kubwa ilikua pale mrija wa hewa unaposhonwa, hapaponi, panaachia. Mwaka 1983 timu ya Joel Cooper, Toronto, wakawa wanazungushia pale kwenye mshono kipande cha ule utando wa mafuta wa tumboni ili pafikiwe na damu vizuri, na kipindi hicho dawa ya saiklosporini ya kushusha kinga ya mwili ilishapatikana, basi mgonjwa wao akaishi zaidi ya miaka 6. Na mgonjwa mwenyewe alikua na fibrosisi! Mama anaipenda sana hii stori, ananiambia nimrudie.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakielewi, na hata madaktari wengine naona wanakichukulia poa, ni muda. Kovu kwenye pafu halirudi nyuma. Dawa za pirfenidoni na nintedanibu, ambazo Marekani walizipitisha 2014, zinapunguza kasi ya makovu kuongezeka, haziyatoi. Alafu ugonjwa wenyewe hauna adabu, mtu anaweza kukaa mwaka mzima yuko vilevile, anapanda ngazi polepole, anakohoa kikohozi chake kikavu, alafu ndani ya wiki chache anazidiwa ghafla na kulazwa na hapo wengi hawatoki. Huwezi kuanza mchakato wa kupandikiza mapafu ukiwa kwenye hali hiyo, au tuseme unaweza kwa nadra sana, kwenye hospitali kubwa zenye mashine ya kuingiza oksijeni kwenye damu nje ya mwili.

Ndio mana muongozo wa kimataifa wa wataalamu wa 2021 unasema mtu wa fibrosisi apewe rufaa mapema kabisa, ikiwa ni ile aina mbaya ya makovu basi tangu siku anayogundulika, hata kama ndio kwanza anaanza dawa. Wengine wakifika kwenye kipimo cha kupuliza wakawa chini ya asilimia 80 ya kinachotarajiwa, au kipimo cha gesi kupita kwenye pafu kikawa chini ya asilimia 40, au wakianza kuhitaji oksijeni, hata kama ni ya wakati wa kutembea tu. Dokta wa mwanzo alikua anamwambia mama "bado bado, wewe uko vizuri", na mama ni mtu wa heshima, hawezi kubishana na dokta. Mimi ndio nilibishana.

Na rufaa sio kuingia kwenye orodha ya kusubiri mapafu jamani, hapo ndio watu wanachanganya. Rufaa ni kwenda kuangaliwa tu. Wanapima moyo, figo, mifupa, meno, wanatafuta kansa, wanaangalia uzito, wanakuuliza nani atakua anakuuguza, ukivuta sigara ndio umejifungia mlango mwenyewe. Wanakutembeza dakika 6 kwenye korido wakiangalia oksijeni ya damu. Orodha inakuja baadae, ukianza kushuka kweli, mfano kile kipimo cha kupuliza kinaporomoka kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6. Kwaiyo kuna dirisha hapo kati, na mtu aliekuja akiwa hoi, misuli imeisha, analikosa.

Kingine ambacho sikukijua kabisa ni habari ya saizi. Mapafu ya fibrosisi yanasinyaa na kifua nacho kinakua kidogo, kwaiyo mtu mfupi kama mama anahitaji mapafu ya mtu mdogo, na hao wachangiaji hawapatikani kirahisi, na yakipatikana kuna masaa 6 mpaka 8 hivi tangu yatolewe mpaka yawekwe, ingawa siku hizi kuna mashine za kuyatunza zaidi ya hapo. Alafu mwanamke aliezaa anaweza kua na kinga mwilini iliyotokana na mimba inayokataa mapafu ya baadhi ya watu. Mama aliposikia hivyo akatuangalia sisi watoto wake akacheka mpaka akakohoa.

Sitaki kuwadanganya, hii sio tiba ya kurudi kama zamani. Ni dawa za kushusha kinga maisha yote, takrolimasi na wenzake, kila homa ndogo ni hospitali, figo zinaumia, na mwili unaweza taratibu kuyakataa mapafu mapya baada ya miaka. Kwa ujumla nusu ya waliopandikizwa wanakua bado hai baada ya miaka kama 6 hivi, na wa fibrosisi mara nyingi huwa chini kidogo ya hapo kwasababu wengi wana umri mkubwa. Ukiweka hiyo pembeni ya fibrosisi yenyewe, ile isiyojulikana chanzo, ambayo kabla ya dawa hizi nusu walikua wanafariki ndani ya miaka 3 mpaka 5 tangu kugundulika, unaona kwanini mtu anafikiria.

Mama bado hajaamua. Kashafanya vipimo vingi, bado cha moyo cha kupitisha mrija kwenye mshipa, na hicho anakiogopa kuliko operesheni yenyewe, sijui kwanini. Mjomba anamwambia umri umeenda aachane nayo. Yeye anasema jina likikubaliwa liingie kwanza, kukataa atakataa siku simu ikipigwa kwamba mapafu yamepatikana.