Kuhamia Goma na familia: hesabu maji kabla ya kuhesabu kodi

Familia ikifika Goma, mashariki mwa Kongo, na pesa kidogo, swali la kwanza huwa: nyumba ya dola ngapi? Jibu linawapeleka mitaa kama Ndosho, Mugunga au sehemu za juu za Majengo, ambako kodi kwa kawaida iko chini kuliko Himbi au Katindo. Hakuna ubaya kukaa huko. Familia nyingi sana zinaishi vizuri. Ubaya ni kulipa garanti (amana ya nyumba) kabla ya kujua maji yanatoka wapi, umeme unagawanywa vipi, na watoto watatembea umbali gani kwenda shule. Hayo matatu yanaweza kumeza tofauti yote ya kodi, na yanameza kila siku.

Kwanza jua kikomo chako. Kuingia nyumba kunadai karibu kodi mara tano kwa mkupuo: miezi mitatu ya garanti, mwezi wa kwanza, na komisyo ya komisioneri (dalali wa nyumba), ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Chukua pesa yote uliyo nayo, toa chakula cha mwezi mzima na gharama ya kusafirisha vitu, kisha gawanya kwa tano. Mwenye dola 400 akitoa 100 anabaki na 300, kwa hiyo asiangalie nyumba inayozidi dola 60. Akichukua ya 80 kwa kuwa ina sebule nzuri, ataingia bila unga, na mwezi wa pili ataanza kula garanti.

Kuhusu garanti yenyewe, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi bado wanaomba sita. Kugombana hakusaidii, kwa sababu utakaa naye parseli (kiwanja) moja. Sema kwa heshima: "Papa, nyumba tumeipenda. Sheria inasema miezi mitatu, na hiyo tunayo hapa leo." Pesa iliyo tayari mkononi inalainisha mengi. Akishikilia sita, omba mitatu ya ziada ilipwe kidogo kidogo, na iandikwe hivyo kwenye kontra (mkataba).

Sasa maji. Goma imekaa juu ya lava, mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mvua inazama kati ya mawe, na kuchimba kisima uani si jambo la kufikiria. Maji ya mabomba yanavutwa kutoka Ziwa Kivu na kusukumwa kupanda, kwa maana mji wote unateremka kutoka upande wa Nyiragongo hadi ziwani. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyopaswa kuuliza zaidi. Usimuulize mwenye nyumba kama kuna robine (bomba la maji). Robine utaiona kwa macho. Waulize mama wa jirani: maji yanatoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikauka muda gani?

Piga hesabu hii mbele ya kila nyumba. Mtu mmoja anahitaji kama lita 20 kwa siku za kunywa, kupika, kuoga na kufua kidogo. Familia ya watu sita ni lita 120, yaani bidoni (madumu) sita za lita 20. Kwa mwezi ni bidoni 180. Tuseme kwenye nyumba ya kwanza bidoni inakufikia kwa faranga 100, na kwenye ya pili, ambako lazima mtu alete kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) au baiskeli, inafika kwa 300. Tofauti ni faranga 36,000 kila mwezi. Weka bei halisi za mtaa huo, geuza kwa dola ya siku hiyo, halafu ongeza juu ya kodi. Mara nyingi nyumba "rahisi" inageuka kuwa ghali hapo hapo, kabla hujagusa suala lingine.

Kuna wanaosema watakinga mvua. Kingeni, lakini kwa kufua na kuosha nyumba. Moshi wa volkano unaacha floridi kwenye maji yanayotoka kwenye bati, na mtoto anayeyanywa miaka mingi meno yake yanapata madoa yasiyotoka. Maji yanayochotwa ziwani yachemshwe au yatiwe klorini kila mara. Kolera haijawahi kuuacha mji huu kwa muda mrefu.

Jambo linalofuata halihusu pesa, ila ndilo la kushikilia kuliko yote ukitafuta upande wa magharibi: Lac Vert, Mugunga, na Keshero karibu na ziwa. Huko kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na inajikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu mahali ambapo mtoto mdogo, mbuzi au aliyelala chini anakosa pumzi. Parseli iliyo kwenye shimo, chumba ambacho sakafu yake iko chini ya usawa wa njia, majani yaliyokauka mahali pamoja tu, ndege au panya waliokufa bila sababu: ukiona hayo, ondoka, hata kodi ikipunguzwa nusu. Usijaribu kupima mwenyewe kwa kuinama au kushuka na mshumaa. Majirani wanajua kila shimo. Na popote upande huo, watoto walale kitandani, si godoro chini.

Lava inaleta shida nyingine ambayo wageni hawaiwazii: choo. Kuchimba mwamba ni kazi ghali, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi, na vyoo vingi vimeinuliwa juu kwa ngazi. Shimo fupi linajaa haraka. Hesabu milango (kaya) inayotumia choo kimoja, kisha uliza shimo lilisafishwa lini na nani alilipa. Jibu liingie kwenye kontra, la sivyo litakuangukia wewe.

Nyumba za bajeti ndogo huwa za mbao juu ya msingi wa mawe, au nusu mawe nusu mbao. Mbao si dhambi. Tetemeko likipita zinatikisika bila kukuangukia kama ukuta wa matofali uliojengwa vibaya. Ila ziangalie chini, pale zinapogusa mawe: piga kwa kisigino, zikitoa sauti ya utupu zimeoza. Ingia, funga mlango na madirisha mchana, inua macho. Kila nukta ya mwanga kwenye bati ni tone la mvua usiku. Kisha fuata nyaya za umeme kwa macho. Waya uliopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, wenye viungo vilivyofungwa kwa plastiki, ndio unaochoma avenyu (mtaa) nzima. Huo ni wa kurekebishwa kabla ya kuingia, kwa gharama ya mwenye nyumba. Na mbabula (jiko la makaa) isilale ndani chumba kikiwa kimefungwa, hata kwenye baridi ya Julai.

Kwenye umeme, uliza jambo moja tu: konteri (mita ya umeme) ni ya milango mingapi? Konteri ya kulipia kabla ikiwa yenu peke yenu, mnajua mnachotumia, na familia inaweza hata kupikia resho (jiko la umeme) pale umeme unapokuwa wa uhakika, ikapunguza makala (makaa). Ikiwa milango minne inachangia sawa, na jirani mmoja ana resho na pasi, ninyi wenye taa mbili mnamlipia. Dai konteri ndogo ya kila mlango, au mgao kulingana na vyombo, uandikwe. Na kama fakitire (ankara ya umeme) inakuja mwisho wa mwezi, omba uone ya mwisho, ili usirithi deni la aliyetoka.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini njia si bure. Pikipiki ya watoto wawili asubuhi na mchana inaweza kupita kodi ya chumba, na kutembea mbali juu ya mawe ya lava kunakula viatu. Chora duara la dakika ishirini za mguu kuzunguka shule unayoitaka, utafute ndani yake. Ni bora kutafuta Juni na Julai: vyumba vinaonekana, mvua imepungua, na masomo yanaanza Septemba. Beba buletini (ripoti ya alama) na cheti cha shule ya zamani.

Komisioneri wengine watakuomba pesa ya kutembea kabla ya kukuonyesha chochote. Patana iwe moja kwa nyumba zote za siku hiyo. Utapeli mkubwa ni mtu mmoja kupokea garanti ya familia tatu kwa nyumba moja. Kabla ya kutoa hata dola kumi, muulize shefu wa avenyu au wa nyumba kumi: parseli hii ni ya nani? Anayepokea pesa awe huyo, au awe na barua yake. Mabenki ya mji yalipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, malipo mengi yalihamia mkononi na kwenye simu, kwa hiyo karatasi ya kupokea ndiyo ushahidi wako. Iandikwe tarehe, kiasi, miezi, na saini za mashahidi wawili. Noti za dola ziwe safi. Iliyochanika kidogo itakataliwa.

Siku ya kuingia, pigeni picha za kuta, bati, kufuli, choo na namba ya konteri, mkiwa na mwenye nyumba, na muandike orodha ya yaliyoharibika tayari. Hiyo ndiyo inayorudisha garanti siku ya kutoka. Katika kontra hiyo hiyo mkubaliane notisi ni ya miezi mingapi kwa pande zote mbili, na kodi isipande kabla ya mwaka.

Kwa kuhamisha vitu ndani ya mji, chukudu ni rahisi kuliko gari dogo, na inabeba mamia ya kilo. Patana kwa safari nzima, si kwa mfuko, na useme mapema kama ni kupanda, kwa sababu hapo atahitaji msukumaji na bei inabadilika. Godoro lifungwe kwa prelati (turubai). Karatasi zote za familia, pamoja na kontra na risiti ya garanti, zikae kwenye mfuko mmoja mnaoubeba wenyewe na unaobaki karibu na mlango: tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, kartye (mitaa mikubwa) 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuondoka asubuhi ile ile.