Maji mafu, mlingoti mfupi

Najifunza foili, ubao unaopaa juu ya maji ukivutwa na tiara, na paja la mguu wa mbele linauma jioni hii. Kaskazi imevuma vizuri tangu adhuhuri, ila Malindi msimu huu ina jambo lake: matope ya Mto Sabaki husukumwa kusini, maji ya ghuba yakawa mekundu, na chini huoni. Kwa ubao wa kawaida wa tiara hilo halina neno. Foili ina mlingoti unaoteremka chini ya ubao, na mabawa mwishoni. Yakikwama mchangani ukiwa mbioni, wewe ndiye unayerushwa.

Ndiyo maana mwalimu huanza na mwezi kabla ya upepo. "Dada, bamvua tuwaachie wazoefu," huniambia, nami nakubaliana naye kabisa. Siku za maji mafu, tofauti na bamvua, bahari haipwi sana, mkondo umepoa, kina kinadumu. Amenifungia mlingoti wa sentimita 60, na hatuanzi mpaka maji yafike kifuani.

Helmeti na fulana ya kukinga mbavu sivui. Hata mabingwa wa Olimpiki ya 2024 kule Marseille walivaa helmeti, na wao wameyazoea mabawa haya. Ukingo wa nyuma wa bawa ni mwembamba kama kisu cha samaki. Leo nimeupitishia kidole taratibu, nikaelewa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi unavyopaa. Kasi ikizidi maradufu, nguvu ya bawa huwa mara nne. Kwa hiyo ubao unatambaa, unatambaa, mara uko juu na kelele za maji zimekatika. Hapo mwili hutaka kuegemea nyuma, na ukiegemea, bawa hupanda hadi likachomoza nje ya maji. Nguvu inakatika, unaanguka. Dawa yake ni kulalia mguu wa mbele mapema. Leo kazi ilikuwa hiyo tu, kuubana ubao usipae, kwenda na kurudi.

Na kuanguka nako kunafundishwa. Mkono hutaka kuvuta fimbo ya kuongozea tiara, kumbe ukiivuta tiara inapata nguvu na kukukokota juu ya mabawa. Naiachia, nausukuma ubao kwa miguu, natua kwa makalio mbali nao. Nikiibuka, mikono inatangulia kichwa.

Vijana wa ufukweni wananihimiza nichukue mlingoti mrefu. Nitauomba nitakapoweza kuuweka ubao chini kwa hiari yangu hata upepo ukipiga ghafla.