Umeme ulikatika, mtoto ana siku 12

Watu wakisikia Mtwara wanawaza joto la pwani. Njooni Newala mwezi wa saba, huku juu karibu na Shimo la Mungu, lile genge refu, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma! Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, na ndani nina kichanga cha siku 12.

Baba watoto akakimbilia kuchomeka hita kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani. Nikamzuia. Betri yetu ni moja tu, volti 12, ampia-saa 100. Ikijaa ina kama wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Hita ya wati 1,000 ingeimaliza hiyo nusu kwa nusu saa hivi. Tukaiachia taa mbili na simu, ikatufikisha asubuhi.

Mama mkwe akaja na jiko la mkaa likiwaka. "Liingize mwanangu, mjukuu wangu asipate baridi." Nikamwomba radhi: mama, mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini. Hakukasirika. Alilirudisha uani, akachemsha maji, akajaza chupa, akaifunga kanga na kupasha kitanda. Tulipolala tukaitoa.

Mtoto nilimvua, nikamwachia nepi na kofia, nikamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kitenge na blanketi juu yetu. Vidole vya miguu vilikuwa baridi kabisa. Nilivishika mpaka nikahisi vinapata joto, kimoja kimoja, naye akaanza kunyonya.