Nilivyochagua mada ya utafiti kati ya maswali makubwa ya hisabati

Nilipotakiwa kuandaa pendekezo la utafiti wa uzamivu, nilianza na maswali 7 ya hisabati yaliyotangazwa na Taasisi ya Clay, ya Marekani, mwaka 2000, kila moja kwa zawadi ya dola milioni 1. Mpaka sasa limejibiwa moja tu, la Poincaré kuhusu maumbo, na Grigori Perelman aliyelijibu alizikataa fedha zenyewe. Sikukusudia kutegua lolote kati ya yaliyobaki. Nilitafuta swali kubwa ambalo pembeni yake mwanafunzi anaweza kupata kazi halali ya miaka michache. Kwa kigezo hicho nadharia tete ya Riemann, inayohusu jinsi namba tasa zinavyosambaa, niliiacha mapema. Nje ya yale 7, dhana ya Goldbach, kwamba kila namba shufwa zaidi ya 2 ni jumla ya namba tasa mbili, anaielewa hata mwanafunzi wa sekondari, lakini sikuona pa kuishikia.

Iliyonivuta ni dhana ya Birch na Swinnerton-Dyer, mojawapo ya yale 7, inayohusu majibu ya milinganyo fulani kwa namba kamili au sehemu, kwa sababu imefungamana na swali la kale: ni namba zipi kamili zinazoweza kuwa eneo la pembetatu mraba ambayo pande zake zote ni namba kamili au sehemu? Namba 6 hutokana na pande 3, 4 na 5. Namba 5 hutokana na 3/2, 20/3 na 41/6. Namba 1 haiwezekani, na Fermat ndiye aliyelithibitisha hilo. Mwaka 1983 Jerrold Tunnell alitoa kipimo kinachonifurahisha hadi leo. Chukua namba witiri n isiyogawanyika kwa mraba wowote zaidi ya 1, uhesabu majibu ya namba kamili, hasi zikiwemo, ya n = 2x² + y² + 8z², kisha ya n = 2x² + y² + 32z². Idadi ya kwanza isipokuwa mara mbili ya ile ya pili, n haifai, yaani haiwezi kuwa eneo la pembetatu kama hiyo. Kwa 11 nilipata 12 na 4 kwa kalamu tu, ikaondoka. Lakini kwamba idadi ya kwanza ikiwa mara mbili ya ile ya pili namba lazima ifae, hilo linasubiri dhana yenyewe ithibitishwe.

Msimamizi wangu aliuliza nitabaki na nini mkononi swali kubwa likikataa. Jibu lilikuwa kwenye namba tasa: ikigawanywa kwa 8 na kubakiza 3, haifai, ikibakiza 5 au 7, inafaa, ikibakiza 1, hakuna kanuni kamili inayojulikana. Pendekezo langu likajikita katika namba zinazopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili za aina hiyo ya mwisho.