Tufe husukumwa, halirushwi

Kwenye viwanja vya shule huku Mtwara, Masasi hadi Tandahimba, utasikia "kurusha tufe", "kutupa tufe", na mara chache "kusukuma tufe", kana kwamba yote ni mamoja. Mamoja hayawi. Mwanafunzi anafuata kitenzi alichoambiwa, na kitenzi kibaya humletea bendera nyekundu ya mwamuzi, yaani jaribio lake halihesabiwi.

Kurusha ndiko afanyako mtoto anayetungua embe kwa jiwe: mkono unarudi nyuma ya bega, kiwiko kinatangulia, kiganja kinafuata kwa kasi. Mkuki hurushwa hivyo, na ule wa wanaume una gramu 800 tu. Tufe lao ni kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Kwa walio chini ya miaka 18, wavulana kilo 5 na wasichana kilo 3. Uzito huo ukiupeleka nyuma ya bega, bega na kiwiko hubeba mzigo wote, na huko ndiko vijana wanakoumia. Kanuni nazo zinakataza: tufe liguse shingo au kidevu, au liwe karibu kabisa, mkono usishuke kutoka hapo, na tufe lisipite nyuma ya mstari wa mabega. Mkono ni mmoja tu.

Kwa hiyo lishike kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja. Libane shingoni chini ya taya, kiwiko kiwe juu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ageuke nyuma, akunje goti la kulia, kisha anyooke kuanzia chini: mguu, nyonga, kifua, mkono mwisho kabisa, vidole vikimalizia. Kosa kubwa ni kiwiko. Kikishuka, tufe linaachana na shingo mapema, na hapo tayari umerusha.

Duara lina kipenyo cha mita 2.135. Piga kigingi, funga kamba ya mita 1 na sentimita 7, zungusha. Mchanga wetu huteleza, hivyo lowesha ndani ya duara na ushindilie. Nje uache laini, alama ya tufe ionekane vizuri. Mistari ya eneo la kuangukia iachane mita 6 ukiwa mita 10 kutoka katikati ya duara, mita 12 ukiwa mita 20. Tufe likishatua, mchezaji atokee nusu ya nyuma. Akitokea mbele, hapimwi.